Karanga za Shimo la Saba

Vigingi ndivyo vilivyonitia wasiwasi. Miaka ile ya kuhamishiwa vijijini, ukimwona mtu wa ofisi anapigilia kigingi karibu na shamba lako, hungoji kuambiwa. Unaanza kufunga vyungu.

Tulikaa pembeni mwa uwanja wa gofu, upande wa Cheyo. Mume wangu alikuwa mfyekaji pale tangu enzi za wazungu. Walipoondoka, wakaja maofisa wetu kucheza na fimbo zilezile. Majina yao wote ninayo, na ya baba zao, lakini siyaandiki. Wajukuu wao wapo mjini. Tuliitana ndugu, ila ndugu mmoja kashika fimbo, mwingine fyekeo.

Mwenye vigingi alikuwa mkubwa wa uwanja. Shimo la saba la kutumbukizia kipira, alisema, kila mtu analipata bila jasho. Akalihamishia nyuma ya shamba langu la karanga, njia ya kulifikia ikapinda kama kiwiko.

"Mama, karanga zako ziache hapohapo," akaniambia. "Mwoga atazunguka. Jasiri atarusha kipira kipite juu yake, afike mapema. Kikianguka humo kimepotea, na ni marufuku kuingia kukitafuta."

"Na shamba litabaki langu?"

"Lako, mama."

Nikamtazama viatu. Kule Urambo shangazi yangu kapakiwa kwenye lori, kaacha mahindi mabichi shambani, halafu huyu azipende karanga zangu?

"Baba watoto," nikasema tulipobaki wawili, "huyu mtu simwamini."

"Anatengeneza mchezo tu, mama watoto."

"Hata mwenye kumtegea panya huweka karanga."

Akacheka. Mimi sikucheka. Kesho yake nikaanza kung'oa, lori lisije likanikuta sina kitu. Jirani yangu akasimama njiani, mikono kiunoni: "We mama, unang'oa karanga zinazonyonya?" Kweli, ukilipasua ganda, ndani maji matupu. Nikazianika hivyohivyo.

Jumamosi wachezaji wakaja, wakakuta shamba jeupe. Wote wakapiga moja kwa moja, hata hakimu mnene ambaye siku zote alizunguka. Kipira kikianguka kinaonekana. Mwenyewe anaingia bila kutafuta, anakipiga tena, anaendelea. Hadi alasiri matuta yangu yalikuwa yamelala na njia imejichora katikati. Na njia ikishakanyagwa ndani ya shamba, shamba hilo ni la nani?

Mkubwa akaja amenuna. "Mama, umeliua shimo langu. Hatari yenyewe umeing'oa, sasa nani ataogopa?"

"Na nyie mmeliua shamba langu."

Akaitazama ile njia, kisha akanitazama mimi. "Basi panda tena."

Mvua za kwanza zilipoanguka nikapanda, safari hii hadi ukingoni kabisa, na pale walipopita nikapanda kwa kubananisha. Zilipofunga majani, mkubwa mwenyewe akaja kucheza. Akasimama na fimbo yake ndefu, akaangalia juu ya karanga, akaangalia kule kwa kuzunguka, akarudi kuangalia karanga. Mume wangu aliacha kufyeka. Mimi niliegemea jembe.

Akazunguka.

"Ndugu mkubwa, hata wewe?"

"Upepo leo, mama."

Hapakuwa na upepo. Msimu ule nilivuna karanga zilizokomaa, na ule uliofuata pia. Lakini kila asubuhi, kabla sijawasha moto, nilipita kwanza kuangalia kama vigingi vyake vimesogea.