Kuwasalimia Mbasa

Kama hukukulia kando ya ziwa letu, huenda hujawahi kusikia samaki aitwaye mbasa akipanda kijito. Ni sauti ya kofi: mkia unapiga maji, kimya, kisha unapiga tena, juu kidogo. Asubuhi ya juzi nilikuwa uani nageuza kakao kwenye mkeka, mvua imeacha matope hadi mlangoni, nikaisikia sauti hiyo ikitoka upande wa juu wa banio, ukuta unaokikinga kijito chetu. Upande wa juu! Nikaacha kakao, nikaacha na kandambili moja kwenye matope, nikakimbia.

Lakini ngoja nikurudishe nyuma kwanza, maana bila kumjua bibi yangu hutaelewa kwa nini mzee mwenye magoti mabovu alikimbia.

Kijito chetu kinashuka kutoka milima iliyo nyuma ya Matema, kinapita kwenye migomba na majaruba ya mpunga, kinaingia Ziwa Nyasa. Nilipokuwa mdogo, mvua kubwa zikianza, mbasa walitoka ziwani wakakipanda kwenda kutaga kwenye changarawe za huko juu. Samaki wa rangi ya fedha, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Siku ya kwanza hakuna aliyeruhusiwa kuvua. Bibi aliwaita wageni. Alitupanga ukingoni wajukuu wote, tumenawa nyuso, na kila samaki aliyepita tulimwamkia, "Ugonile!", kama tunavyoamkia watu kwa Kinyakyusa. Bibi aliitikia kwa niaba ya samaki, kwa sauti nyembamba ya puani: "Ndaga!" Ole wako ucheke.

"Mgeni haliwi mlangoni," alitwambia. "Mwache aingie, atimize lililomleta. Anayekuja nyuma yake ndiye mboga."

Na mboga yenyewe! Bibi aliipika kwenye chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa ziwani, kwa mawese, bila haraka, huku wali mpya ukinukia mpaka barabarani. Kazi yetu ilikuwa kupuliza moto. Kuni za msimu wa mvua hazishiki, tulipuliza na kulia moshi hadi mashavu yaume. Mtoto wa jirani, rika langu, ambaye mpaka leo ni jirani yangu, alikuwa na desturi ya kuja kuazima chumvi chungu kikishaiva. Sikumbuki hata siku moja aliyoondoka na chumvi.

Nikaenda sekondari, nikarudi, nikafanywa katibu wa kamati ya maji. Mimi ndiye niliyeshikilia kwamba tujenge banio, ukuta wa zege wa kuinua maji yaingie kwenye mfereji wa mpunga. Tulijenga kiangazi, kijito chembamba, mbasa wote wako ziwani. Bibi akaja na fimbo yake, akautazama ukuta.

"Na wageni watapita wapi?"

"Bibi, samaki ana mapezi, hahitaji daraja."

Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mvua zilipokuja, maji yalichimba shimo chini ya ukuta, na mbasa wakajazana humo, wakiruka na kugonga zege. Sisi tukaona ni baraka! Tukawazoa kwa vikapu siku ileile ya kwanza, na watu wakanishukuru kwa kuwaletea samaki mlangoni. Bibi alikula wali mkavu. Baada ya misimu michache, shimoni walibaki vyura. Bibi akafa bila kumwamkia mgeni mwingine, na mimi sikuwahi kumwomba radhi.

Mwaka jana bwana samaki wa serikali, kijana wa Tanga aliyehamishiwa huku, alitwambia tunaweza kukata pengo upande mmoja wa banio na kupanga mawe chini yake kama ngazi, kila kidato na kidimbwi chake, samaki apumzike kisha aruke tena. Wenye mpunga waliguna, wakihofia maji ya mfereji. Jirani yangu ndiye aliyeguna zaidi, maana jaruba lake ni la mwisho kufikiwa na mfereji.

"Zege ulileta wewe," akanisuta mbele ya mkutano, "na kulivunja unaleta wewe. Sisi ni daftari lako la mazoezi?"

"Nilikosea. Nisaidieni kusahihisha."

Walinipa msimu mmoja. Mbasa wasipopita, pengo linazibwa. Saruji ya kuzibia akaiweka jirani mwenyewe, sebuleni kwake, niione kila nikimtembelea.

Siku za kupanga mawe zilikuwa kama harusi. Kina mama walileta ndizi za kupika, vijana wakaviringisha mawe kwa kelele, na bwana samaki akateleza akakaa kidimbwini na viatu vyake. "Ee bwana samaki," mama mmoja akamwuliza, "nawe umekuja kutaga?"

Kisha mvua zikaanza, na samaki hakuonekana. Kila asubuhi jirani aliniita juu ya ua: "Saruji inakusalimia!"

Mpaka juzi. Nilipofika kijitoni nilimkuta ameshatangulia, amesimama ng'ambo, suruali imekunjwa magotini. Mbasa alikuwa amelala kwenye kidimbwi cha juu kabisa. Akajikunja, akaruka, akapita pengo. Nyuma yake mwingine. Na mwingine.

"Ugonile," nikasema.

"Mzee mzima, unasalimia mboga?"

"Kesho ndiyo mboga. Leo ni mgeni."

Mimi nikabaki nimesimama na mguu mmoja peku, na nikagundua kwamba nilikuwa nasubiri kuitikiwa. Chungu cha bibi kilivunjika zamani. Wajukuu waliopangwa ukingoni wametawanyika, wengine tumewazika. Yote hayo nilishazoea. Lakini ile sauti nyembamba ya puani, sikujua kama bado naisubiri.

Akapita mbasa mwingine, mkubwa. "Ugonile," nikasema tena.

Kutoka ng'ambo, jirani yangu akabana pua kwa vidole viwili.

"Ndaga!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye majani mabichi, kila mtu upande wake, samaki wanapita katikati.

Jana jioni alikuja kuazima chumvi.