Nyuzi Tatu Ndani ya Kofia

Mama yangu alinifundisha kudarizi kofia wakati bado nasoma juzuu ya kwanza chuoni. Kichwa hakipimwi kwa macho, aliniambia, kinapimwa kwa uzi. Na uzi ukishapima kichwa cha mtu hautupwi, maana hujui utaokotwa na nani. Hukunjwa, ukashonewa ndani ya ukingo wa kofia, ubaki na mwenyewe. Sijawahi kuliona jambo hilo kitabuni. Nililishika kwa ajili yake.

Niliolewa Shinyanga mjini, miaka ya hamsini ilipoanza, nikawa nawashonea wenye maduka na wachimbaji wa Geita waliopita kununua mahitaji. Mwanangu wa kwanza alipotimiza miaka miwili nilimshonea kofia ya Idi. Kufikia Idi kubwa ilikuwa inambana. Nikashona nyingine, nayo ikambana kabla ya Maulidi.

"Mama watoto," mume wangu akasema, "siku hizi unashonea vikombe?"

"Sabuni ya dukani kwako ndiyo inayofanya kitambaa kinywee."

Niliamini hivyo kweli. Ya tatu nilikiloweka kitambaa kwanza, nikakianika, ndipo nikakikata. Ilipoanza kumbana, mtoto alikuwa anatapika kila asubuhi na kutembea akiyumba.

Tukampeleka hospitali. Daktari, Mzungu mpole mwenye Kiswahili cha vitabuni, akasema ni minyoo. Nikamwambia kichwa kinakua.

"Mama, kila mtoto anakua," akasema akitabasamu.

Kesho yake nilirudi na mume wangu na mtoto, nimebeba kofia tatu na mkasi. Nikazifumua mbele yake, nikazilaza nyuzi mezani, moja chini ya mwenzake. Wa tatu uliupita wa kwanza kwa upana wa vidole viwili. Daktari akaacha kutabasamu. Akampima mtoto kwa utepe wake, kisha akamtazama ndani ya macho kwa taa ndogo, muda mrefu.

"Nilikosea, mama. Nadhani kuna uvimbe ndani, umeziba njia ya maji ya ubongo. Mifupa ya mtoto bado haijashikana, ndiyo maana kichwa kinapanuka. Cha mtu mzima hakipanuki. Wachimbaji wawili walinijia wakiumwa kichwa, nami nikawapa dawa ya malaria."

Akayaandika majina yao daftarini.

Alitueleza kwamba yeye na wenzake wa Nairobi walikuwa wanakusanya habari za wagonjwa wa namna hiyo, watoto kwa wakubwa, wajifunze kuutambua uvimbe mapema. Nairobi wangeweza kumpasua mtoto wetu. Akaziomba nyuzi, ziende na mtoto, wazione wenyewe.

Mume wangu akanitazama. Alijua ninachokiogopa. Uzi wa mwanangu mikononi mwa watu nisiowajua! Nikazisomea Ayatul Kursiyyu iwe kinga, nikampa mume wangu azibebe.

Walipanda treni mpaka Mwanza, meli mpaka Kisumu, treni tena, baba na mtoto. Mimi nilibaki dukani, nikipima sukari na kusali. Walirudi baada ya miezi mitatu. Mtoto alikuwa na kovu kisogoni, akitembea sawasawa, akinidai maandazi.

Nyuzi zilibaki huko, sikuzidai.

Idi iliyofuata nilimpima tena. Uzi mpya niliulinganisha na kofia ya tatu: ulizidi kwa punje moja ya mtama. Nikasema alhamdulillahi, nikamshonea kofia, nikaukunja uzi, nikaushonea ndani.