Fulana ya Chupa ya Manowari Amos Purinton

Arvilla Hannah Leeman, binti wa Silas aliyefuma nyavu za mitego ya kambakoche, mjukuu wa Ephraim aliyechonga milingoti ya manowari za mbao, ndiye aliyezivalisha fulana chupa zote za shampeni zilizopasuliwa kwenye meli za mji wetu wa mto Kennebec, tangu kabla ya vita. Fulana ya uzi huzuia vigae visiruke. Na meli ikiteremka majini bila kupasuliwa chupa huhesabiwa haina jina, wala hakuna baharia anayependa kulala ndani yake.

Vitabu vya manowari vinaeleza urefu wa Amos Purinton, mizinga yake na nani aliyeibatiza. Fulana haviitaji kabisa. Basi naandika mimi, niliyeshona bendera meza moja na Arvilla.

Kwenye meli iliyotangulia, kigae kilipenya kikamkata kidole mke wa mkubwa mmoja. Msimamizi wetu, Bwana Toothaker, akatujia amevimba kwa hasira.

"Safari hii fuma uzi maradufu."

"Chupa haitapasuka, bwana," Arvilla akasema.

"Wewe fuma. Mambo ya kupasuka niachie mimi."

"Mdogo wangu Delbert anakwenda vitani na meli hiyo! Ikikosa jina nitakukumbuka."

"Nikumbuke kwa wema," akajibu, huyo akaenda zake.

Arvilla akafuma maradufu, akisonya kwa kila kifundo. Siku ikafika. Bendi ilipokwisha kupiga, mbatizaji, mjane mwembamba aitwaye Bibi Wadleigh, akainua chupa akapiga pua ya meli. Ngo! Ikadunda kama mpira. Akapiga tena. Ngo! Delbert, aliyesimama na mabaharia wenzake chini ya jukwaa, akaanza kutafuna ukanda wa kofia yake. Mara mbao zilizoishikilia meli zikalia, na meli ikaanza kuondoka, kinyumenyume, kuelekea mtoni.

"Mama, ivue!" Arvilla, akipanda ngazi za jukwaa mbili mbili, alimpigia kelele mbatizaji.

"Nivue nini, mwanangu?"

"Chupa! Ilete!"

Akaipokea, akaikata fulana kwa mkasi wa bendera, akaitupa fulana kando. Sasa, Arvilla ndiye aliyekuwa mrushaji mpira wa timu yetu ya besiboli, na hata wanaume walikuwa wakiikwepa mipira yake.

"Taja jina, mama!"

"Amos Purinton!" Bibi Wadleigh akapaza sauti ambayo hakuna aliyejua anayo.

Chupa ikaruka, ikapasukia puani mwa meli. Povu likamrudia usoni Bwana Toothaker, aliyesimama ukingoni mwa jukwaa. Delbert akarusha kofia iliyotafunwa.

Vitabuni imeandikwa kwamba aliyebatiza ni Bibi Wadleigh. Sibishi, jina alilitaja yeye.

Jumatatu Bwana Toothaker akachungulia chumba cha bendera, mpole.

"Arvilla, dada yangu, ile fulana ya meli ijayo..."

Arvilla akamsogezea kiti, akamtia mkononi sindano na bunda la uzi.

"Keti. Utaifuma wewe."

"Mimi? Na vidole hivi?"

"Hivyohivyo. Uzi mmoja, si maradufu. Ukikosea, fumua uanze upya."