Aliyeitikiwa

Mke wangu ni mfupi, lakini sauti yake ni ya mtu wa ghorofa tatu. Hilo nililijua kabla sijamwoa, na nikamwoa hivyo hivyo, kwa hiyo msinionee huruma. Katika kiwanda chetu cha kushona sare za shule yeye ni mkata vitambaa, mimi ni fundi wa mashine. Siku wakaguzi walipomwambia meneja kwamba lazima awe na msimamizi wa dharura, meneja aliangaza macho ukumbini, akamnyooshea kidole yeye. Alitaka tu mtu wa kuwaonyesha wakaguzi. Hakujua kwamba amempa rungu mtu anayejua kulitumia.

Wiki ile ile vita ikaanza. Majora ya vitambaa yaliyokuwa yamerundikwa mbele ya mlango wa nyuma yakahamishiwa stoo. Kufuli la mlango huo, ambalo meneja aliliweka kwa kuogopa wezi, likang'olewa baada ya mke wangu kugoma kukata hata kola. Mtungi wa kuzimia moto, ambao mimi nilikuwa nauegemeza kwenye mlango wa karakana yangu usijifunge, akaninyang'anya mbele za watu.

"Fundi mzima, huna hata aibu," akaniambia. Nyumbani niliambiwa tena, na nyongeza juu.

Kisha yakaja mazoezi. King'ora kikilia unaacha kila kitu: mkasi, simu, chakula, hata kiatu kama kimekuvuka. Unatoka nje, unasimama kando ya ukuta na watu wa meza yako, unaitwa, unaitika. Yeye alikuwa anasimama katikati ya ukumbi akipaza ile sauti yake: "Toka! Utachukua baadaye, toka!" Ndipo watu wakambatiza Mama Toka, na hadi leo wengi hawajui jina lake jingine.

Mpiga pasi wetu, mzee mwenye maneno mengi kuliko nguo za kupiga pasi, alikuwa hakosi la kusema.

"Mama Toka, unatuchosha bure. Ajali haina kinga."

"Haina kinga kwa mtu aliyekaa, mzee wangu. Inuka."

Mke wangu aliuchukia msemo ule. Alisema watu wameugeuza blanketi, wanajifunika nao na kulala.

Pale kiwandani alikuwepo pia mdogo wake, tuliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba wa kwao. Mama yao alipofariki Kitinda alikuwa bado anajifunza kufunga vifungo vya sare yake, na mke wangu akamchukua. Kwa hiyo alikuwa mdogo wake kwa kuzaliwa na mwanawe kwa kulelewa. Alishona vifungo, alicheka kwa sauti, na mimi shemeji yake ndiye niliyekuwa uwanja wake wa utani.

"Shemeji," alinisogelea siku moja, "usiku dada akiota moto si anakutoa nje na shuka?"

"Shuka hairuhusiwi. Inachukuliwa baadaye."

Alicheka mpaka akashika meza. Wakati huo alikuwa na mimba changa, ya kwanza, na ilimwandama kwa usingizi na kichefuchefu. Mara kwa mara alikuwa anajiiba kidogo kupata hewa. Rafiki yake wa meza moja, tuliyemwita Pacha kwa jinsi wasivyoachana, ndiye aliyekuwa akimbeba.

Niwaeleze huko kubebana, maana kila kitu kiliangukia hapo. Asubuhi msimamizi wa zamu huita majina, na asiyekuwepo hukatwa siku yake. Sasa mwenzako amechelewa kwa sababu mtoto ameamka na homa, utamwacha akatwe? Jina lake likiitwa, jirani anaitika, "Yupo!" Yupo chooni, yupo njiani, yupo duniani, basi imetosha. Neno hilo moja limewaokoa wengi pale, hata mke wangu mwenyewe lilimwokoa miaka ya nyuma tulipokuwa na mtoto mchanga. Lilikuwa neno la upendo. Nalisema hivyo kwa uchungu, lakini ndivyo lilivyokuwa.

Mama Toka alifikiria nyaya, milango, moshi na ngazi. Kwamba neno lile nalo lingetoka nje pamoja nasi, hakufikiria. Nani angefikiria?

Moto ulianzia kwenye waya wa chumba cha pasi, mchana, watu wakiwa wameshiba na macho mazito. King'ora kilipolia nilikata umeme kwenye swichi kuu, nikakimbilia geti kulifungulia gari la zimamoto. Nyuma yangu niliisikia ile sauti: "Toka! Utachukua baadaye, toka!" Na watu wakatoka. Hakuna aliyesukumana, hakuna aliyerudia mkoba. Mpiga pasi alitoka peku, mikono mitupu, amenyamaza kimya, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilijisikia fahari kuwa mume wa mwanamke yule, siwafichi.

Akasimama mbele ya ukuta, moshi umejaa uani, akaanza kuita. Meza ya kukatia, wakaitika. Meza ya kola, wakaitika. Akafika meza ya vifungo, akaita jina la mdogo wake.

"Yupo!" ikajibu sauti.

Akaendelea na jina lililofuata.

Ilikuwa sauti ya Pacha. Mara tu baada ya chakula cha mchana Kitinda alikuwa amemnong'oneza, "Nachungulia barabarani nikanunue tunda lenye uchachu, nibebe kidogo." Kwa hiyo Pacha alijua rafiki yake yuko nje ya geti, salama kuliko sisi sote, na akafanya alichozoea kufanya. Alichokuwa hajui ni kwamba jua lilikuwa kali, Kitinda akarudi akipitia mlango wa nyuma, ule ule usio na kufuli, akajilaza stoo juu ya majora, mbali na macho ya msimamizi wa zamu, na usingizi wa mimba ukamchukua, mzito kuliko king'ora.

Mkuu wa zimamoto alipiga mbio hadi kwa mke wangu. "Ndani kuna mtu?"

"Hakuna," akajibu, kifua mbele. "Wote wapo."

Basi wakaupiga moto maji kutokea nje, wakahangaika usivuke kwenda jengo la jirani. Kwa nini waingie? Waliambiwa hakuna mtu, na aliyewaambia hakuwa mwongo.

Mwanamke anayeuza matunda barabarani alikuja kuchungulia kama watu wengine. Pacha akamuuliza, "Mwenzangu umemwacha wapi?" Yule mama akashangaa. "Si alirudi ndani kitambo?"

Sitaki kuusimulia ukelele wa Pacha. Zimamoto waliingia, wakamtoa. Moto haukumfikia, moshi ndio ulimfikia kwanza. Alikuwa kama mtu aliyelala, tunda lake liko mfukoni mwa koti la kazi. Mke wangu, mwenye sauti ya ghorofa tatu, alitoa kasauti kadogo ambako sijawahi kukasikia, akakaa chini.

Msibani meneja alikuja na suti. Akasema tumshukuru Mungu na tuwashukuru waliofanya maandalizi, maana kiwanda kizima kimepona, amepotea mtu mmoja tu. Tu! Ningekuwa na spana mkononi leo ningekuwa nasimulia hadithi nyingine. Halafu mpiga pasi akaja, machozi yanamlenga, akamshika mke wangu mkono na kusema kile ambacho kila mtu husema msibani bila kufikiri: "Pole, mwanangu. Ajali haina kinga."

"Hii ilikuwa nayo, mzee," mke wangu akamjibu. "Niliijenga mwenyewe." Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza, na mzee akalia naye.

Kiwanda kilipofunguliwa tena nilidhani hatarudi. Alirudi. Akabadilisha jambo moja tu: kuitika kukafutwa. Ukitoka nje unakwenda mpaka kwake, unamgusa kiganja, mwenyewe, kwa mkono wako. Hakuna wa kukugusia.

Pacha hakurudi. Alijifungia kwao, hali chakula, hajibu simu. Jumapili moja mke wangu akajifunga kanga akaniambia, "Nisindikize." Sikuuliza wapi. Njiani nzima nilikuwa natafuta maneno ya kuwaamulia.

Pacha alipofungua mlango akapiga magoti pale pale kizingitini. "Dada, nipige. Nitukane. Fanya lolote."

"Sikuja kukupiga. Inuka."

"Nilijua yuko nje, dada. Wallahi nilijua yuko nje."

"Najua ulijua. Sijakusamehe. Sijui kama nitaweza, sitakudanganya. Lakini wengine pale nikiwaambia wasibebane, wanaitikia tu ndiyo dada, ndiyo dada. Wewe sina haja ya kukuambia. Nakutaka uwe mtu wa stoo. King'ora kikilia, unapita kila kona, unapapasa kila jora, ndipo unatoka."

Pacha alilia kwa muda mrefu. Jumatatu alikuja kazini.

Zoezi la kwanza baada ya moto lilifanyika mwezi ule ule. Tulitoka, tukapanga foleni, kila mmoja akamgusa Mama Toka kiganja. Meneja naye aligusa, na kwa mara ya kwanza hakutazama saa. Wa mwisho alikuwa Pacha, amejaa vumbi la stoo mpaka kwenye nyusi. Akaweka mkono wake juu ya ule wa mke wangu. Mke wangu akaushika, asiuachie, macho yake yakiwa kwenye mlango nyuma ya Pacha.

"Bado mmoja," akasema.

Nilimsogelea nikamwambia taratibu, "Wametimia, mama. Wote wapo."

"Najua," akasema, na hakuondoa macho mlangoni.