Siku Mtani Alipomkaripia Baba

Nakumbuka arobaini ya kaka yangu Shabani kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu mwenyewe, mwanangu, na mke wangu akisikia hivi atanuna. Ilikuwa Temeke, enzi za Mwingereza, wakati huku kwetu bado ni mashamba ya mihogo na nyumba za udongo zilizoezekwa makuti. Mie nilikuwa kijana wa kuanza kuota ndevu.

Shabani alifia kwenye ngoma. Siku hizo mitaa ilikuwa inashindana kucheza, na nyimbo zenyewe zilikuwa za matusi: hawa wanaimba kwamba mama zenu wavivu, wale wanajibu vibaya zaidi. Siku hiyo maneno yaliisha, yakatoka marungu. Kaka yangu alipigwa kichwani mbele ya macho yangu, akakata roho mikononi mwangu. Hata aliyempiga hakujulikana, maana vumbi lilikuwa jingi na kila mtu alikuwa na rungu.

Tulimzika vizuri. Kisha mie nikaanza kuharibika. Usingizi ulinipotea. Sufuria ikianguka jikoni, nilikuwa nimeshaingia uvunguni kabla haijatulia. Nilikojoa kitandani, kijana mzima, na mama akawa anafua mashuka mapema ili majirani wasione. Halafu nikawa mkali, nampiga mdogo wangu kwa kosa la kupita karibu yangu. Baba hakuwa mtu mbaya, ila alijua dawa moja tu. "Jikaze," aliniambia. "Mwanamume halilii jambo lililokwisha." Na jina la Shabani likawa halitajwi nyumbani, eti tusitoneshe kidonda. Mie kichwani mwangu nililisikia kutwa nzima.

Arobaini ikafika. Sisi Wazaramo, kama unavyojua, tuna utani na Wanyamwezi. Msibani mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na ukimkasirikia, wewe ndiye mwenye aibu. Mtani wetu alikuwa Bi Kalunde, mama aliyekuwa akiuza togwa jirani na kwetu. Alikuja amevaa kofia kama ya marehemu, anatembea kwa mikogo, bega moja juu, anachungulia masufuria ya wapishi na kudai nyama yake. Watu walicheka hadi machozi, kwa sababu Shabani ndivyo alivyokuwa.

Mpishi mmoja akaangusha mfuniko. Nikatoka mbio, nikajikunja nyuma ya kuni, nimeziba masikio. Watu wakacheka tena, safari hii wananicheka mimi. Baba akaona haya mbele ya wageni. "Mwacheni huyo," akasema. "Siku hizi amekuwa mwoga."

Bi Kalunde akaivua ile kofia.

"Nyie watani zangu wapumbavu kweli," akamwambia baba, uwanja mzima ukasikia. "Aliyekufa mmemwosha, mmemvika sanda, mmemsomea, na leo mmempikia pilau. Huyu aliyekaa naye mpaka roho ikatoka, nani kamuuliza hata hali?"

"Bi Kalunde, mambo hayo..."

"Nyamaza. Mie mtani. Ulimuuliza?"

Asingekuwa mtani, angefukuzwa pale pale.

Bi Kalunde akaketi mavumbini karibu yangu. "Haya, mume wangu," akasema taratibu, maana hata hapo utani hakuuacha, "nisimulie. Uliona nini?"

Nikamsimulia. Kwamba Shabani hakulia wala hakutaja maadui. Aliniomba nimvue viatu, kwa kuwa alikuwa ameviazima kwa rafiki yake na aliogopa vitaingia damu. Nikahangaika na kamba, vidole havishiki, na nilipofungua kiatu cha pili alikuwa ameshakufa. Tangu hapo, kila nikifumba macho, nilikuwa nafungua zile kamba.

Nilipoinua uso, baba naye alikuwa amekaa chini, analia mbele za watu. "Sikujua," akasema. "Mwanangu, sikujua." Akanishika mkono, hakuuachia mpaka wageni walipoondoka.

Usidhani nilipona siku ile. Niliendelea kushtuka kwa muda mrefu, na ngoma sijaipenda tena hadi leo. Lakini baba alihamishia mkeka wake chumbani kwangu, na kila nilipoamka na hofu aliniuliza, nami nikasimulia, hata kama ni yale yale ya jana. Kidogo kidogo usingizi ukarudi.

Ninakwambia haya kwa sababu najua nanyi mnaona mambo. Mnaona mwizi anachomwa moto njiani, mnaona visu, halafu kesho yake mnatumwa shuleni kana kwamba hakuna lililotokea. Mwanangu, kuogopa baada ya kuona damu si aibu. Ukiona hulali, au unagombana na kila mtu, tafuta mtu atakayekusikiliza bila kukucheka. Wa kwanza akikukatiza, mwendee wa pili. Na rafiki yako akibadilika, akawa mkimya au mgomvi, usimwambie ajikaze. Kaa naye, muulize ameona nini, kisha unyamaze usikie.

Mungu akuepushie kuona niliyoyaona mimi. Na kama umeshayaona, akupe mtu wa kukuuliza. Asipotokea yeyote, njoo kwangu, hata kama huna pa kuanzia. Macho yangu yamechoka, lakini masikio bado yanasikia vizuri.