Miche ya Kuiba

Bustani ya zamani ya Mwingereza, jirani na kwetu Chake Chake, ilipogeuka msitu, wanawake wa mtaani waliihamishia majumbani mwao kitawi kwa kitawi. Asumini ya mlangoni kwetu ilitoka huko, imefungwa kwenye pindo la kanga ya bibi yangu. Mama anashikilia kwamba mche wa kuomba haushiki. Unatakiwa kuuiba kimyakimya, na ukishukuru tu, umeuua.

Mwaka jana bustani ikaanza kufufuliwa, na bwana wa kilimo akaja kwetu na viatu vyake vya kung'aa, kuomba kitawi cha asumini.

"Sikupi," mama akamwambia. "Lakini mie naingia jikoni kutia chai. Kisu kile pale ukutani."

Bwana akanitazama. Nikatazama angani. Maskini, mtu mzima akanyatia kama mwizi wa kuku, akakata, akafunga kwenye gazeti. Mama alipotoka na chai, adabu ikamponza: "Ahsante sana, Bi Mkubwa."

"Ushauua huo!" mama akang'aka. "Nenda, urudi kesho uibe mwengine."

Akarudi, akaiba, akaondoka bila hata kuaga. Majirani nao wakaibiwa vivyo hivyo, na bustani ikastawi.

Siku ya ufunguzi tulikaa mbele. Yule bwana akashika kipaza sauti, akawashukuru wananchi wote kwa miche yao.

Mama akashika kichwa. "Yarabi! Kaua bustani nzima."