Majibu ya Daktari Niliyoyatunga Mwenyewe

Nilimdanganya mama mkwe wangu kwa uvivu wa kupanga foleni. Ndiyo, cheka. Mimi ni mtu niliyekaa nyumbani mpaka mkeka wa sebuleni umeota shimo la makalio yangu.

Ilikuwa wakati kisiwa cha Anzuani kimejitenga na Komori nyingine. Mama mkwe alitoka Mutsamudu, huko Anzuani, kuja kwetu Magoudjou, hapa Moroni, kutibiwa presha ya macho. Safari za meli zikakatwa, akakwama. Watu wa Anzuani walikuwa wakitukanwa mitaani, na lafudhi yake ilitosha kumtambulisha. Basi hospitalini alifunga mdomo, nikawa mdomo wake mimi.

Alipewa chupa moja ya matone. Akaninong'oneza, "Mwanangu, rudi kaniulizie. Hii ikiisha, nije kuchukua nyingine?"

Nikaitazama foleni, nikalitazama jua la saa sita. Nikazunguka nyuma ya jengo, nikala karanga. Jirani yetu Bi Eshati, aliyekuwa kwenye foleni iliyozunguka mpaka huko, aliniona. Nikarudi nimekunja uso kama mtu aliyebeba maneno mazito.

"Daktari anasema ikiisha, umepona."

"Na huu ukungu wa pembeni?"

"Ni dawa hiyo inafanya kazi."

Alifurahi, masikini. Kila aliyekuja kumjulia hali aliambiwa, "Hospitali ya Moroni wana subira! Hakuna swali wasilolijibu." Nami nimekaa pale naitikia, kifua mbele, kama daktari mwenyewe.

Chupa ikaisha. Miezi ikapita. Asubuhi moja akanimiminia chai mkononi. Nikamtania kwamba amechoka kuwa na mkwe. Akasema taratibu, "Nilidhani kikombe kiko hapo."

Nilipomrudisha hospitalini, daktari akauliza nani alimwambia aache matone. Nikasema sijui. Mama akasahau kuficha lafudhi yake, akanitetea: "Mkwe wangu huyu haachi kuuliza."

Macho yalikuwa yamekwisha kwenda. Meli ziliporudi, alipanda akishikwa mkono. Mpaka leo hajui.

Wewe mwenye mgonjwa, kapange foleni. Kama hukuuliza, sema hukuuliza. Mgonjwa anayesifu hospitali huenda anasifu uongo wako.

Jana mdogo wake Mama alishuka kutoka Patsy, Anzuani, ana ukungu machoni. Dada yake ndiye aliyemsisitizia aje, kwa sababu hapa wanajibu vizuri. Bi Eshati alimwona akiingia kwetu, akaniita kwenye ukuta wa uani:

"Amekuletea na mdogo wake. Huyu naye mpofushe, ila safari hii usile karanga."